Sindano ya ganzi ya tumbo: nilikohoa bila kulia

Nilipopasuliwa kidole tumbo 2014, kilichonitesa zaidi ni kukohoa. Kila nikijaribu, nahisi mshono unafumuka. Nikawa napumua juu juu tu, na siku ya nne kifua kikajaa, nimonia. Kwa hiyo Machi mwaka huu, nilipoambiwa mfuko wa nyongo utatolewa kwa mkato chini ya mbavu, si kwa vitundu, nilimuuliza daktari wa nusu kaputi swali moja: nitakohoaje?

"Mama, tutakupiga TAP bloku, sindano ya ganzi ya ukuta wa tumbo, ukishalala."

Akanichorea kwenye karatasi ya glavu. Kwa altrasaundi anaona misuli ya tumbo ilivyopangana tabaka tabaka. Sindano inapenya hadi kati ya tabaka mbili za ndani, dawa inamwagwa pale neva zinapopita. Ngozi na misuli vinakufa ganzi. Viungo vya ndani, hapana. "Huko utasikia kidogo," akasema, na hakudanganya.

Nilizinduka saa saba mchana. Ndani palikuwa na uchungu mzito wa kukaza, lakini mshono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Jioni sista akaniletea kile kifaa cha plastiki cha kuzoeza mapafu, chenye vimpira vitatu vya 600, 900 na 1200, unanyonya hewa vinapanda; namba ikiwa kubwa, pumzi iwe ya nguvu zaidi. Cha 600 kikaruka juu, cha 900 kikatetemeka katikati kikagoma. Nikakumbatia mto, nikakohoa, makohozi yakatoka. Mofini, ile dawa kali ya maumivu, nilichomwa mara moja tu, nikashukuru, maana ile ya 2014 ilinitapisha na kunilaza kama gogo.

Sasa lawama. Dawa za saa nne usiku niliziacha mezani, si sikuwa na maumivu? Hakuna aliyeniambia nizimeze kabla ganzi haijaisha. Saa nane usiku ganzi ikaisha. Jamani! Hadi karibu alfajiri nilipumua kama kuku wa kiangazi, na hata kimpira cha kwanza hakikusogea. Halafu kwenye bili sindano ikawa na mstari wake peke yake, bei ambayo sikutajiwa hata siku moja. Uliza mapema.

Nyota nne kwa tano. Kifua safari hii kilibaki safi.

Kifaa nilirudi nacho nyumbani Umoja. Mjukuu wangu anapandisha vimpira vyote vitatu kwa pumzi moja na kunicheka. Mimi cha 1200 bado kinanishinda.