Intaneti ya kabati la kijani hapa Uingereza: kabla hujasaini, jua kabati lako liko wapi

Jamani nimeona niandike hii maana kwenye magrupu yetu ya huku Uingereza haiishi mtu kuuliza achukue intaneti ya nani, na anachojibiwa ni majina ya makampuni tu, chukua hawa, wale wabovu, wakati makampuni mengi yanakuuzia kitu kilekile kinachopita kwenye kabati lilelile la kijani la nyaya za simu lililosimama kona ya mtaa wenu. Tofauti yao ni bei na namna wanavyopokea simu ukiwa na shida. Kwa hiyo mi hapa sipimi kampuni, napima huduma yenyewe, hii FTTC, yaani fiba (nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga) inayoishia kabatini, ambayo kwenye matangazo wameiita fiba miaka yote ilhali kipande cha mwisho kuja kwako ni waya wa shaba uleule wa simu ya mezani.

Zamani mtambo ulikuwa kwenye jengo la simu, kutoka hapo intaneti inasafiri kwenye shaba kilomita kadhaa hadi kwako, ndo maana ADSL, ile intaneti ya zamani ya laini ya simu, hata ile nzuri mwisho wake ulikuwa 24 Mbps (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) na wengi hata nusu yake hawakuiona. BT, kampuni kubwa ya simu ya huku, wakaanza majaribio ya FTTC 2009, Muswell Hill kule London na Whitchurch kule Cardiff, mwaka uliofuata wakaingiza sokoni. Walichofanya ni kuvuta fiba mpaka mtaani, wakasimamisha kabati jipya nene jirani na lile la zamani, ndani wakaweka mtambo wa VDSL2, yaani teknolojia ya kusukuma kasi kubwa kwenye kipande kifupi cha shaba, halafu yale makabati mawili yameunganishwa na nyaya zinazopita chini ya ardhi. Pita karibu yake siku ya joto utasikia feni zinavuma humo ndani. Hakuna aliyechimbiwa bustani wala kutobolewa ukuta, na ndiyo sababu kazi ilienda haraka vile nchi nzima. Mwanzo kasi ya juu ilikuwa Mbps 40 kushusha na 10 kupandisha, mwaka 2012 ikawa 80 kwa 20.

Sasa hiyo 80 ni kwa nani, hapo ndipo watu wanapoumia. Kwangu kabati liko ng'ambo ya barabara, napata 74 na kupandisha 19, watoto wanaangalia katuni, mimi niko kwenye mkutano wa kazi, mke wangu anaongea na Tanga kwa video na hakuna anayemlalamikia mwenzake. Ni huduma nzuri sana, nasema hilo kwa moyo wote. Ila shemeji yangu anakaa mwisho wa mtaa wa pili, kifurushi kilekile, bei ileile, alikuwa anapata 22. Yule wa mauzo alimwambia atapata 67 kama ilivyo kwenye tangazo, na hiyo si haki kabisa kumwambia mteja, maana tangu 2018 namba ya kwenye tangazo maana yake ni kwamba angalau nusu ya wateja wanaifikia saa za watu wengi, ile nusu nyingine iko chini na yeye ndiye yuko huko.

Kinachoamua ni urefu wa shaba kutoka kabatini hadi kwako, na waya haukati moja kwa moja, unafuata mifereji na nguzo, kwa hiyo kabati unaloliona dirishani linaweza hata lisiwe lako. Ndani ya mita 300 hivi uko vizuri, ukifika kilomita moja ni kama 25 hadi 30, ukizidi hapo inazidi kushuka. Halafu majirani wakijiunga wengi nyaya zinaingiliana na kasi inapungua kidogo. Na kuna mitaa ambayo enzi za nyuma shaba ilipopanda bei walilaza alumini, huko ni shida zaidi.

Kwa shemeji fundi alipokuja alifungua ile soketi kuu iliyo karibu na mlango, akatoa kifuniko cha chini, akachomeka ruta kwenye tundu la majaribio lililo ndani, kasi ikaruka hadi 31 hapo hapo. Kumbe nyumba ilikuwa na waya wa ziada wa kupeleka simu chumbani, na ndani yake kuna uzi mmoja uliokuwa wa kupigisha kengele za simu za kizamani, saivi hauna kazi, unadaka makelele tu kama antena. Akaukata, akaweka kifuniko chenye kichujio, ruta ikabaki sebuleni, na ile kukatakata ya jioni ikaisha. Kama ruta yako iko chumbani kwenye soketi ya pili, anzia hapo kabla hujalipia kifurushi kikubwa.

Na hili wengi wetu hatuambiwi: usizime ruta kila usiku eti kuokoa umeme. Kuna mfumo unaoichunguza laini muda wote, ukiona inakatika kila mara unadhani laini ni dhaifu na unaishusha kasi wenyewe.

Walijaribu pia G.fast, teknolojia nyingine ya kuongeza kasi kwenye shaba ileile, kile kiboksi walichobandika ubavuni mwa makabati kadhaa, inafika hadi 330, lakini ukivuka mita 300 na ushee haina maana, na wakaacha kuisambaza. Shaba imefika mwisho wake hapo, pesa sasa zinaenda kwenye fiba inayoingia mpaka ndani.

Kwa hiyo ukiwa karibu na kabati naipa nyota nne, ukiwa mbali nyota mbili, na hata hizo mbili ni kwa sababu bado inaishinda ADSL. Kabla hujasaini waambie wakupe kasi ya chini wanayokuhakikishia kwa anwani yako, iwe kwa maandishi. Makampuni yaliyo kwenye utaratibu wa Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa Uingereza, yanatakiwa kukupa tangu Machi 2019, na ikishuka chini ya hapo wakashindwa kurekebisha ndani ya siku 30 unaondoka bila faini. Halafu angalia kwenye tovuti ya Openreach, kampuni ya BT inayomiliki nyaya na makabati hayo, kama fiba kamili inakuja mtaani kwenu. Kama imeshafika chukua hiyo, achana na kabati. Kama inakuja karibuni usikubali mkataba wa miezi 24, tafuta wa mwaka au wa mwezi kwa mwezi hata ukiongeza pauni chache, maana ukishajifunga utakuwa unawaangalia majirani wanaunganishwa na wewe bado uko kwenye shaba.