Programu ya takwimu za pleyofu ilivyoniaibisha kwa kinyozi: nyota moja, labda mbili

Sikuwa na mpango wa kuandika hii kitu, lakini nimekaa na hasira tangu juzi juzi na mama watoto amechoka kuisikia, kwa hivyo nawaletea nyinyi.

Niko Kisumu, pande za Kondele, na kwa kinyozi wetu siasa tuliacha kitambo, siku hizi ni basketi tu. Hiyo siku nilikuwa kwa kiti, kichwa kimenyolewa nusu, shemeji yangu akaanza ile wimbo yake ati hakuna senta, yule mrefu wa kusimama karibu na kikapu, amewahi kulinda kwa pleyofu za NBA, zile mechi za mtoano za ligi ya Marekani, kama Hakeem Olajuwon. Mimi ni mtu wa Bill Russell, senta wa zamani wa Boston Celtics. Mtu amebeba ubingwa mara 11 kwa misimu 13, unaanzia wapi? Nikatoa simu chini ya kile kitambaa, nywele zikimwagika kwa skrini, nikamwambia na kiburi yote, "Shem, punguza mdomo. Takwimu hazijui shemeji."

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Hiyo programu nailipia mia tatu kwa mwezi na nilikuwa nimeipenda mpaka inanilaza saa nane usiku. Unaweka wachezaji wawili, inakupangia maisha yao yote ya pleyofu. Weka Jordan na LeBron uone: ukibonyeza jumla, LeBron anapaa, maana amecheza mechi nyingi kuliko mtu yeyote. Ukibonyeza kwa mechi, Jordan anarudi juu, mechi 179 na wastani wa pointi 33.4, si mchezo. Na hapo chini waliweka kamaelezo kazuri ati enzi za Jordan raundi ya kwanza ilikuwa ya mechi tano, ikageuka saba kuanzia 2003, kwa hivyo usishangae jumla yake kuwa ndogo. Nilisema hawa watu wana akili. Shikilia hapo, hako kamaelezo ndiko kananichoma mpaka sasa.

Haya, nikaweka Olajuwon na Russell, na kinyozi amezima mashine ili aone. Olajuwon: mechi 145, bloki (kuzuia mpira uliorushwa kwa kikapu) 3.3 kila mechi. Russell: 0.0.

Sifuri nukta sifuri! Halafu alama yake ya ulinzi imepakwa nyekundu, iko chini kabisa, ati Bill Russell hajui kulinda!

Sikilizeni, ligi ilianza kuhesabu bloki na mipira ya kunyang'anya msimu wa 1973-74. Russell alistaafu 1969. Hakuna mtu alikuwa anaandika! Hiyo si sifuri, hiyo ni nafasi tupu, weka kistari basi, kistari ni bei gani? Mzee mmoja alikuwa amengoja zamu yake na gazeti ndiye alisema neno la maana pale ndani: "Kwani ng'ombe za babu yako hazikuwepo juu hakukuwa na wa kuziandika?" Lakini nani anamsikia, shemeji ameshanipokonya simu, amepiga picha hiyo 0.0 na simu yake, ameirusha kwa grupu ya wakwe. Ya wakwe! Mama mkwe hajui hata basketi ina watu wangapi lakini alituma zile emoji za kucheka tatu. Na mimi bado niko na nusu kichwa, siwezi hata kutoka nje kwa hasira.

Nikaandikia huduma kwa wateja hapo hapo kwa kiti. Nikaeleza polepole, na mwaka nikaweka. Jibu: "Mpendwa mteja, data zetu zimehakikiwa. Je, umejaribu kuzima simu na kuiwasha tena?" Nizime simu ndio Russell aanze kubloki? Nikajibu kwamba kwa Jordan mliweza kuweka maelezo, kwa Russell mnashindwa na nini. Wakanitumia video ya namna ya kubadilisha picha ya akaunti.

Nikaifuta.

Sawa, baadaye usiku nikairudisha, nisiwadanganye. Nilitaka tu kuona riboundi, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na hapo lazima niseme ukweli, kazi imefanywa. Russell riboundi 24.9 kila mechi ya pleyofu kwa mechi 165, na mechi ya saba ya fainali ya 1962 na Lakers, pointi 30 na riboundi 40 mkono mmoja. Nilikaa nikaangalia hiyo laini ya takwimu kama mtu anaangalia picha ya harusi. Na shemeji pia si mjinga sana, timu ya Olajuwon, Rockets ya 1995, iliingia pleyofu nafasi ya sita na yeye akaibeba mpaka kombe. Kwa hivyo nilikuwa nimewapa mbili. Hata tatu nilifikiria, kwa sababu ya hiyo laini ya 1962.

Sasa leo asubuhi mwezi umeisha, nimelipa tena mia tatu, msiniulize kwa nini, nikafungua moja kwa moja kwa Russell, pande ya bloki.

0.0.

Nyota moja. Na shem, hiyo picha uitoe kwa grupu.