Kikokotoo cha Casio fx-991EX kwa mwaka wa kwanza wa uhandisi: inatosha, ila ijue kwanza

Mwenye fx-991ES Plus nzima, toleo lililoitangulia, asikimbilie kuibadilisha. Inatatua milinganyo mitatu kwa pamoja na matriki za 3×3, na hesabu nyingi za mwaka wa kwanza zinaishia hapo. Anayenunua upya ndiye achukue fx-991EX: milinganyo minne, matriki za 4×4, polinomia hadi kipeo cha nne, na kioo kinachosomeka vizuri zaidi. Haipangiki programu wala haichori grafu, kwa hiyo hupita hata pale mitihani inapokataza mashine za aina hiyo.

Inapolipa hasa ni kwenye saketi za mkondo geu. Bonyeza MENU, 2 (namba changamano), kisha andika 5∠53.13, yaani ukubwa 5 kwa pembe ya 53.13, mashine ikiwa kwenye nyuzi. Unapata takriban 3+4i bila kugusa sin wala cos. (Mashine huandika i, vitabu vya umeme huandika j.)

Mtego mkubwa ni kipimo cha pembe. Intigrali ya sin x kutoka 0 hadi π ni 2. Ukiiacha mashine kwenye nyuzi itakupa 0.0861, na haitalalamika hata kidogo. Bonyeza SHIFT, MENU, 2, 2 ili uende kwenye radiani, halafu hakikisha R imetokea juu ya kioo. Msimamizi wa mtihani akiirejesha mashine kwenye hali ya kiwandani kwa SHIFT 9, inarudi kwenye nyuzi; kagua tena kabla ya swali la kwanza.

Mtego wa pili ni mabano. Ukitaka 1 igawanywe kwa 2πRC yote (R ni ukinzani, C ni kapasitansi) ukaandika 1÷2π×R×C, mashine inagawanya kwa 2π tu, kisha inazidisha kwa R na C. Tumia kitufe cha sehemu, kila kitu cha chini kikae chini.

SOLVE, kitufe cha kutatua mlinganyo, nayo huleta jibu moja, lile ambalo thamani ya kuanzia imeliongoza. Kwa x³−4x=0, ukianza na 3 unapata 2; −2 na 0 huzioni. Kwa polinomia ingia MENU, A, upate majibu yote.

Lahajedwali (spreadsheet) yake ya safu 5 na mistari 45 ni ya kuchezea tu. Kazi hiyo kompyuta inaifanya vizuri zaidi. Nguvu inatoka kwenye mwanga pamoja na betri ya LR44.