Battle for Wesnoth: Kuchora Ardhi Inayouma

Niaje watu wangu, karibuni tena. Leo mezani tuko na The Battle for Wesnoth, gemu ya mikakati ya kucheza kwa zamu, ya bure kabisa, iliyoanzishwa na David White mwaka 2003, na hadi leo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Majoka yamo, nguva wamo, wafu wanaotembea wamo. Hadithi zake nitaziacha. Nataka tuangalie ardhi tu: mto, kinamasi, lava, pango, pamoja na kile chombo cha kuchorea ramani kinachokuja ndani ya gemu. Najua humu kuna vijana wengi wanaotaka kutengeneza gemu zao na hawajui pa kuanzia.

Haya, angalieni skrini. Huyu ni askari wa mkuki. Ana hatua 5 kwa zamu. Kwenye nyasi kila kigae, yaani kipande kimoja cha ramani chenye pembe sita, kinamla hatua 1. Mbele yake kuna mto wa kina kifupi, upana wake vigae viwili tu. Kigae kimoja cha maji kinamla hatua 3. Piga hesabu: akiingia cha kwanza anabakiwa na 2, cha pili hakifiki. Zamu imekwisha na kijana amesimama katikati ya mto. Uwezo wake wa kukwepa pigo, ambao kwenye nyasi ni asilimia 40, umeshuka hadi 20. Sasa mlete nguva. Kwake maji hayo hayo yanamgharimu hatua 1 tu, na anakwepa kwa asilimia 60. Huyo kijana tumuage.

Na oneni, mto wenyewe haujamtoa hata pointi moja ya uhai! Hapo ndipo Wesnoth inapowashinda wengi kwa ujanja. Mchoraji chipukizi akisikia ardhi ya hatari, anakimbilia lava inayochoma kila anayeikanyaga. Lakini ikichoma kila mtu sawasawa, kila mtu ataizunguka, na wewe utakuwa umechora ukuta wa rangi nyekundu. Hatari inakuwa na maana pale ambapo kaburi la huyu ni nyumbani kwa yule, na mchezaji anajua hilo kabla hajasogea.

Lava ya humu, kwa mfano, haichomi mtu, kwa sababu wa miguu hawezi kabisa kuingia. Ni ya wanaoruka peke yao. Lakini inatoa mwanga, na hilo ndilo tamu. Kuna wapiganaji wa mchana, ambao jua likiwaka mapigo yao yanaongezeka asilimia 25 na usiku yanapungua kiasi hicho hicho. Wengine ni wa usiku, kinyume chake. Kwenye ramani za mapangoni ni giza saa zote, kwa hiyo wafu, ambao ni wa usiku, wanatamba. Joka, ambalo ni la mchana, likiruka juu ya lava humo pangoni, giza haliliadhibu tena. Kigae kimoja chekundu kimegeuza vita nzima, na hakuna aliyeungua.

Ramani yangu mimi nimeichukua hapa jirani, Mlima Suswa, volkano ya Bonde la Ufa hapa Kenya. Ukiteremka bondeni ukashika barabara ya Narok utauona. Suswa ina kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, ndani ya kaldera nyingine, na ile ya ndani ina kipande kikubwa cha mwamba katikati, kama kisiwa, kimezungukwa na mfereji mkavu wenye kina cha kutisha. Nani angebuni ramani nzuri kuliko hiyo? Mlimani humo kuna mapango yaliyoachwa na lava, yana popo, yana nyani. Na kuna matundu ya mvuke ambayo Wamaasai wa huko wanayatega kwa mabomba, mvuke ukipoa wanapata maji ya kunywa. Mvuke unaochoma ndio huo unaonywesha watu. Kwa hiyo vijiji vyangu nimeviweka juu ya mvuke wenyewe. Kijiji kwenye gemu hii kinaleta dhahabu na kumponya askari pointi 8 kila zamu, ila kwenye ramani yangu kila zamu ya tatu mvuke unafumka na kumtoa 10 yeyote aliyelala pale. Unakaa au unaondoka?

Sasa lawama. Chombo cha kuchora ni kitamu, unapaka vigae kama rangi, lakini hakina kitufe cha kusema kigae hiki kiumize. Lazima uandike mwenyewe, kwa amri inayoitwa harm_unit. Si ngumu, ila kuna mtego: tukio la moveto linashtuka askari akisimama kwenye kigae, akipita tu halishtuki. Ukitaka anayepita naye aungue, tumia enter_hex. Na kompyuta haijui kabisa kwamba umetega kitu. Itawapeleka askari wake kwenye mvuke wakiwa wamechangamka kama watoto wa chekechea, mpaka uiandikie sehemu za kuepuka. Mtu akishinda kwa sababu adui ni mjinga, ramani yako haijafanya kazi.

Kingine, bandika maandishi juu ya kila kigae cha hatari na useme kitafumka zamu gani. Gemu ya Into the Breach ya mwaka 2018, ile ya ubao wa vigae 8 kwa 8, inakuonyesha mapema kigae kipi kitapigwa, na hapo raha inazidi badala ya kupungua. Iibeni hiyo mbinu. Hatari ya kushtukizia inafurahisha mara moja, mara ya pili ni uonevu.

Bahati nasibu ya Wesnoth nayo inaudhi, siwafichi. Uko mahali pa kukwepa asilimia 60 halafu unakula mapigo matatu mfululizo. Wengine wanaipenda. Mimi huzima nikanywe chai.

Laptopu ya mtumba ya kule Luthuli, Nairobi, inaiendesha gemu hii bila kulalamika. Ramani yenyewe ni faili ya maandishi matupu, Gg ni nyasi, Ww ni maji ya kina kifupi, Ss ni kinamasi, kwa hiyo unaweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp bila kumaliza bando. Ya Suswa nimeiweka hapo chini. Tatizo moja bado: kisiwa kina daraja moja tu, upande wa kusini, na mwenye majoka anawaruka wenzake na kukikalia mapema mno. Nikiongeza daraja la kaskazini, mfereji unakosa kazi. Ifungueni, hamisheni daraja, punguzeni vijiji, mnavyoona, halafu mnirudishie tuicheze Jumamosi.