Kliniki ya mifupa hapa mjini: filamu ya eksirei waliitazama, goti hawakuligusa

Jamani mie sijui niwape nyota ngapi hawa. Hasira zikipanda nnataka niandike sifuri, nikipoa nasema mbili, maana kusema kweli mapokezi yao mazuri, eksirei wanapiga hapo hapo na wale watoto wa mapokezi wana adabu zao, wanakuamkia na kiti wanakuletea. Lakini mie sikufata kiti, nlipeleka goti.

Nliteleza kwenye ngazi za nyumba ya dada Malindi, ngazi za Mji Mkongwe mnazijua zilivyo, mguu ukakunjika nikajikaza nisende chini, nikasikia pa! juu ya goti. Likafura, na tangu saa ile mguu ukawa haunyooki kwa nguvu zake wenyewe. Hiyo ndo habari yote nliyompelekea daktari.

Kaichukua filamu kaielekeza dirishani, kasema "mfupa mzima bi mkubwa, hakuna kilichovunjika." Nkamwambia, "mwanangu, mbona mguu haunyanyuki?" Kanijibu hata kunitazama hakunitazama: "Maumivu hayo. Na uzito nao, punguza uzito." Mbele ya mkwe wangu! Nkamwambia tena si maumivu, nnauamrisha mguu hauji. Ati nimwachie kazi yake. Sindano, dawa ya kuchua, soksi ya goti ya kuvaa, haya kalipeni.

Goti langu hakuligusa hata kwa kidole, wallahi. Nimelipa pesa ya kuonana na daktari na daktari hakuniona.

Nkakaa na magongo, siku zinakwenda, kila anayekuja kunitazama namwambia nimeambiwa mzima. Mwisho mkwe wangu akanipeleka pahala pengine kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Huyu ndo nnayetaka mumjue alivyofanya. Kanipa shikamoo, kaniambia bibi lala chali, nyoosha mguu, sasa ubebe juu huku goti limenyooka. Kisigino hakikubanduka kitandani. Hakusema uzito. Kaushika mkono wangu kaniwekea kidole juu kidogo ya pia ya goti, kidole kikazama! Kwenye goti zima pale pale ni pagumu, hakizami. Akasema kano imekatika, tusilale leo bila altrasaundi.

Akanieleza na mie nikaelewa. Mbele ya paja kuna misuli minne, inaungana ikawa kano moja nene inayoshika juu ya pia ya goti, na chini yake ipo kano nyengine inayokwenda kushika muundi. Hiyo pia ya goti ni kama kapi ya jahazi, inaipa nguvu kamba inayovuta. Ikikatika popote hapo njiani misuli ivute itakavyo, mguu haunyooki. Waliopita miaka 40 mara nyingi inakatika ya juu, ndo yangu mie, na hawa vijana wetu wacheza mpira mara nyingi inakatika ya chini, pia ya goti inapanda juu. Eksirei inaonesha mfupa, kano yenyewe haionekani, sasa "mfupa mzima" lilikuwa jibu la suala gani?

Akaniuliza una sukari? Nnayo. Umemeza sipro, ile antibiotiki ya ciprofloxacin, hivi karibuni? Nlipewa ya mkojo. Kumbe vyote viwili vinaweza kudhoofisha kano, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu ya dawa za jamii ya sipro tangu 2008. Kule kliniki hakuna aliyeniuliza dawa hata moja.

Na hili ndo lililonimaliza. Nlivuka kwenda Dar, mguu umenyooshwa njiani ndani ya boti watu wanauruka, daktari wa mifupa kaitaka ile ile filamu ya kliniki, ile ya ubavuni, kanionesha: pia ya goti ilishashuka chini ya pahala pake. Ilikuwa inaonekana! Kano hii inatakiwa ishonwe mapema, wiki mbili tatu za mwanzo, ikichelewa misuli inajikunja inapanda na kuivuta tena ni tabu. Yangu ilishachelewa. Wakanitoboa vitundu kwenye hiyo pia ya goti wakaishona kano humo, halafu mguu unakaa umenyooka wiki kama sita ndo unaanza kufunzwa kukunja. Siku kisigino kilipobanduka kitandani nlilia mbele ya yule kijana, Mungu amzidishie. Lakini kusujudu bado, nasali juu ya kiti.

Sasa hizo nyota mbili nazirudisha, moja inawatosha. Shoga yangu anasema nnawaonea, yeye katibiwa bega pale pale katoka mzima, na kweli daktari mmoja si kliniki nzima, basi labda nendeni, sijui. Ila nimeacha nakala ya filamu na majibu ya altrasaundi pale mapokezi, nimeomba daktari aniite nimuoneshe. Hajaniita, na nikipiga naambiwa ana wagonjwa. Mkienda na goti, msilipe wala msitoke mlangoni mpaka mtu amekulazeni akakwambieni nyanyua mguu.