Siku mbili na mzee wa reli, Jinja mpaka Namasagali: rivyu yangu ndefu

Nimekuwa nikiwaahidi watu hii rivyu tangu nirudi, basi leo nimekaa niandike yote. Kwa wenye haraka: nendeni, lipeni hiyo pesa, na nendeni mapema wakati mzee bado ana miguu ya kutembea.

Huduma yenyewe iko hivi. Kuna mzee mmoja mstaafu wa reli anaishi pande za Mbulamuti, wilaya ya Kamuli, Uganda, anatembeza watu kufuata reli ya zamani ya Busoga, ile iliyong'olewa. Hana ofisi wala kibao, unampata kwa simu kupitia mtu aliyewahi kwenda naye, na jina lake sitaliweka hapa kwa vile sikumuomba ruhusa. Kwa siku mbili anachukua laki moja na nusu ya shilingi za Uganda, hiyo ni yake, halafu boda na mafuta unalipa wewe, chakula wewe, kulala Kamuli mjini wewe. Mi na dada yangu tulitumia laki nne na kidogo kwa jumla.

Mimi nimezaliwa Tororo, kota za reli, baba alikuwa pointimani, yule anayegeuza njia za treni. Hata hiki Kiswahili ninachoandika nilikipata pale, manake kota zilikuwa na Wajaluo, Wateso, Wasamia, Wasoga, Waganda, watu wa kila aina na kazini wote walisikilizana kwa Kiswahili, so sisi watoto tukakua nacho wakati wenzetu wa shule walikiona ni lugha ya askari. Nilipompigia mzee mara ya kwanza nikamwambia "shikamoo mzee" akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani wa reli?" Nikamtajia jina la baba. Hakumjua, lakini kuanzia hapo ilikuwa "mwanangu" mpaka mwisho.

Sasa kwa nini reli hii na siyo nyingine. Watu wengi wanafikiri reli Uganda ilianza na ile ya kutoka Kenya, lakini treni ya kutoka pwani ilifika Kampala 1931 tu. Reli ya Busoga ilifunguliwa 1912, wakati huo haikuungana na reli nyingine yoyote, ilikaa peke yake kama kisiwa! Injini na vyuma vyote vilipanda meli Kisumu, vikavuka ziwa mpaka Jinja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maporomoko. Naili ikitoka Jinja haipitiki kwa meli, maji yanaruka kwenye mawe, so mizigo ilipanda treni Jinja ikaenda kama maili 60 kaskazini mpaka Namasagali ambapo mto umetulia, ikapanda meli kuingia Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, ikashuka ikaenda kwa barabara hadi Butiaba, ikapanda meli nyingine Ziwa Albert kuelekea Kongo na Sudan. Churchill, yule mwanasiasa wa Uingereza, alipita huku 1907 kwa miguu kutoka Jinja mpaka Kakindu na yeye ni mmoja wa waliopigia debe kwamba reli ijengwe. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, laini ya kutoka Tororo ikaja kuungana na hii pale Mbulamuti, na kwa miaka mingi treni ya Nairobi–Kampala ilipita hapohapo Mbulamuti kabla hawajanyoosha njia kupitia Iganga.

Mzee alitueleza haya yote tumesimama katikati ya shamba la miwa, jua la saa nne, akichora na fimbo kwenye udongo. Sijawahi kuelewa ramani ya Uganda vizuri kama siku ile.

Kitu cha kwanza anachokufundisha ni kuangalia ardhi, majengo baadaye. Reli haipendi mlima, treni ya mvuke ikiwa imebeba pamba haiwezi kupanda kama boda inavyopanda, so walijaza mabonde na kukata vilima, na hiyo kazi haipotei hata ukiondoa chuma chote. Ukiona tuta la udongo limenyooka, upana kama hatua nne tano, linakatisha kinamasi au shamba la mtu bila sababu, na watu wanapita juu yake kwenda kisimani manake wakati wa mvua ndo sehemu pekee kavu, basi umefika. Chokora chini kwa kisigino. Kokoto. Kokoto za kuvunjwa kwa nyundo, zenye kona kali, kwenye udongo ambao kilomita nzima hauna jiwe. Dada yangu aliziokota akaweka mfukoni mpaka mfuko ukachanika.

Halafu stesheni. Hapa ndo mzee anastahili kila shilingi kwa sababu mi mwenyewe ningepita palepale nisione kitu. Tuta linapanuka ghafla: stesheni ilihitaji njia mbili ili treni zipishane. Kisha unatafuta miembe. Mwembe wa kujiotea haujipangi, ukikuta mitatu minne mikubwa imesimama kwenye mstari mmoja na nafasi kati yake ni sawasawa, kuna stesheni masta aliipanda ili abiria wakae kivulini. Kisha unatafuta misingi minne ya saruji imekaa kwa umbo la mraba, hiyo ilibeba tanki la maji ya injini. Kituo kimoja kidogo tulichokuta hakina ukuta hata mmoja uliobaki, nyumba ya jirani imejengwa kwa matofali yake, lakini ukingo wa platfomu upo bado, umefunikwa na viazi vitamu. Mama mwenye shamba akatuambia jembe linagonga pale kila msimu, hakuwahi kujua ni nini. Mzee akamsimulia kwa Kisoga, taratibu, nani alikaa wapi, tiketi zilikatwa wapi, mama akaweka jembe chini akaanza kuita watoto waje wasikilize. Banange, mi hapo nilishindwa kuzuia machozi.

Vyuma vyenyewe vimeenda kwenye skrapu zamani, ila vingine vimebaki kijijini na mzee anajua viko wapi. Taruma la chuma, yale yanayolala chini ya reli, limekuwa daraja la mtaro mbele ya duka. Vipande viwili vya reli vimeshika paa la jiko la mtu. Na kwenye shule moja ya msingi kipande cha reli kinaning'inia kwenye mti, ndo kengele ya shule, mwalimu alituruhusu tukigonge na mlio wake ni uleule niliokuwa nasikia Tororo asubuhi gengi, wale wa kutengeneza njia, wakiitwa kazini. Uleule kabisa.

Mchana wa siku ya kwanza ulienda kwenye maghala na jineri, viwanda vya kuchambua pamba. Najua Marekani na Kanada kuna watu wanazunguka vijijini kutafuta stesheni zilizokufa na yale maghala marefu ya nafaka yaliyokaa kando ya reli, nimeangalia video zao nyingi, na ndo zilinipa hamu ya kutafuta za kwetu. Kule ngano ndo iliita reli, huku ni pamba. Pamba ya biashara ililetwa Uganda 1903, na reli hii ilipofika tu wafanyabiashara, wengi Wahindi, wakajenga jineri karibu na laini: pamba inaingia na mbegu, mashine zinatenganisha, inabanwa kuwa marobota, marobota yanapanda behewa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Uganda ilikuwa inatoa marobota zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Halafu 1972 Amin akafukuza Wahindi, mashine zikakosa vipuri, mkulima akakosa kulipwa kwa wakati, akang'oa pamba akapanda kitu cha kula. Na leo ni miwa, miwa, miwa.

Jineri tuliyoingia ni kuta tu na mabati yaliyoliwa na kutu, lakini sakafu ni nzima na unaona matundu ya boliti ambapo mashine zilifungwa, mstari mmoja mrefu. Mzee alisimama kwenye kila tundu akasema hapa alikaa fulani, hapa fulani, wanawake walikaa upande ule wakichagua pamba chafu na safi. Hapo tulikaa saa nzima na ningekaa zaidi. Ghala la pili sisemi mengi, mlinzi alitukatalia kuingia ingawa mzee alikuwa ameshapiga simu kabla, tukaliangalia kutoka barabarani tukaondoka. Hilo ni kosa la mpango wake, mteja ametoka mbali asifike mlangoni ndo ajue hakuna ruhusa.

Makosa mengine, na nayasema kwa heshima kwa sababu nataka hii kazi yake ikue. Siku ya kwanza tulianza saa nne badala ya saa mbili kwa vile boda mmoja alikuwa bado anatafuta mafuta, na saa nne Busoga jua limeshakuwa kali na bado mna kutembea kwingi. Hana ramani ya kumpa mtu, yote iko kichwani mwake, mi nilikuwa naweka alama kwenye simu kila tuliposimama na nimeshamtumia, nimemwomba mjukuu wake aichape. Na mtu mwenye magoti mabaya ajiandae, kuna sehemu mnavuka kinamasi juu ya tuta lililobomoka na unaruka mtaro. Aseme hayo kwenye simu mapema.

Siku ya pili ni Namasagali na hiyo peke yake ingetosha safari nzima. Kutoka Kamuli ni murramu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, halafu miti inafunguka na unaona Naili, pana, imetulia kama imelala. Hii ilikuwa bandari kubwa jamani. Meli zenye gurudumu la nyuma kama Stanley na Grant zilifunga kamba hapa, treni inakuja mpaka gatini, wapagazi wanahamisha marobota usiku na mchana. Mwishoni mwa 1961 mvua ikanyesha Afrika Mashariki isivyo kawaida, maziwa yote yakapanda, Victoria na Kyoga na Albert, bandari ikafunikwa na maji na Butiaba ikazama pia mwaka uliofuata. Njia nzima ikafa kwa msimu mmoja. Mzee alikuwa na miaka kama minane, baba yake alikuwa gengi, anakumbuka maji yakija juu ya reli taratibu, siyo kwa mafuriko ya kelele, "kila asubuhi taruma moja zaidi limepotea," akasema, na watoto walikuwa wanahesabu.

Kilichoponya Namasagali ni shule. Majengo ya reli na bandari yakawa madarasa na mabweni miaka ile ile ya 1960, ndo ile Namasagali College iliyokuja kujulikana nchi nzima wakati wa Padri Grimes, aliyekuwa mkuu wa shule, na sasa pia kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema. So hapa, tofauti na vituo vingine vyote, kuta zimesimama. Omba ruhusa getini, sisi tuliomba na tukapokelewa vizuri sana. Unatembea kati ya wanafunzi wenye vitabu na ukiangalia juu unaona paa la ghala la mizigo. Mzee alivua kofia alipoingia, hakusema kwa nini, na mi sikumuuliza.

Chakula: mtoni wakinamama wanakaanga ngege, yaani samaki sato, wabichi waliotoka majini asubuhi, na viazi vitamu vya Kisoga, elfu kumi na mbili kwa sahani iliyotushinda. Siku ya kwanza tulikula roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, barabarani, haikuwa na lolote. Loji ya Kamuli ilikuwa safi, maji ya moto hakuna.

Kwa atakayeenda: beba gambuti, kofia, maji lita tatu kila mtu, na betri ya simu ya akiba. Kiswahili kinatosha, mzee anakipenda kuliko Kiingereza na hadithi zake nzuri zinatoka kwa Kiswahili. Ukipitia Jinja simama pale stesheni, kuna makumbusho ya reli, ukianza pale utaelewa haraka zaidi ukifika shambani. Kama una picha ya mzazi aliyefanya kazi reli nenda nayo. Mi nilimwonyesha ya baba, amesimama Tororo chini ya lile bao la stesheni lenye kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari na umbali wa kwenda Mombasa, taa mkononi, na mzee akaishika muda mrefu akaanza kunieleza kila kitu kilichomo, hata lile kovu kwenye kiatu cha kushoto, alisema wapointimani wote walikuwa nalo kwa sababu ya kukanyaga mtalimbo.

Na muhimu zaidi, ulizia miwa. Ikiwa mirefu tuta halionekani, tulikosa kalavati tatu ambazo mzee anaapa zipo na mwaka wake umechongwa juu. Ameniambia upande ule wanakata Desemba. Nimeshaomba likizo.