Affinity na brifu ya kaunti 47: uzoefu wangu

Tangu Affinity, programu ya usanifu wa picha na kurasa, itangazwe kuwa ya bure tarehe 30 Oktoba 2025, wabunifu wenzangu hapa Nairobi wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: inaweza kubeba kazi ya mteja mkubwa, au ni ya kadi za harusi tu? Nimeitumia kwa kazi ambayo ingeiumbua mapema kama ingekuwa programu ya kuchezea tu, kwa hiyo nitajibu kwa kazi hiyo.

Shirika moja lilitaka mabango ya kampeni ya maji safi na unawaji mikono kwa kaunti zote 47. Kila kaunti ipate bango lenye jina lake, namba yake na simu ya ofisi yake ya afya. A2 kwa kuta za zahanati, A4 kwa mbao za matangazo. Kiswahili na Kiingereza kila mahali, na kwa baadhi ya kaunti Kikuyu, Kikamba na Kisomali. Wafadhili watatu, kila mmoja na mwongozo wake wa nembo, na kila mwongozo ukidai nafasi tupu kuizunguka nembo yake. Juu ya hayo, kipeperushi cha kukunjwa mara tatu, bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200, na picha za kutuma kwa WhatsApp. Brifu, yaani maelekezo ya kazi kutoka kwa mteja, ilikuwa ndefu na ilijipinga yenyewe: mwanzoni iliomba “ujumbe mmoja ulio wazi”, kisha kiambatisho kikaorodhesha jumbe tisa.

Wanaotarajia programu iwapangie kazi wajue mapema: Affinity haina mahali pa kusomea brifu wala kuipanga. Hilo nililifanya kwa jedwali la kawaida, kabla sijafungua ukurasa mtupu. Safu mlalo ni vitu vitakavyochapishwa. Safu wima ni ukubwa, lugha, wafadhili wanaohusika, nani anaidhinisha, na ile ninayoijali kuliko zote: nini kinabadilika. Ukilijaza jedwali hilo kwa uaminifu, brifu inajigawa yenyewe. Kuna vitu vinavyobadilika kutoka kaunti hadi kaunti, kama jina, namba na simu. Kuna visivyobadilika kabisa, kama fremu, nafasi za nembo na mstari wa chini. Na kuna vile ambavyo kamati itavibadilisha tu, hata kama leo inaapa kwamba imekubaliana: rangi, ukubwa wa kichwa, mpangilio wa wafadhili.

Kuhusu jumbe tisa, nilimpigia simu afisa wa mawasiliano wa mteja. “Madam, mama aliyebeba mtoto mgongoni anapita mbele ya bango hili bila kusimama. Asome nini?” Alicheka, akanyamaza kidogo, akasema, “Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto.” Basi. Hicho kikawa kichwa, na nane zilizobaki zikaenda kwenye kipeperushi, ambako mtu amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa na daktari na ana muda wa kusoma. Simu moja ya namna hiyo inaokoa kazi kuliko programu yoyote.

Sasa programu yenyewe. Kwa wasioijua: Affinity ilitoka kwa Serif, kampuni ya Uingereza yenye makao yake Nottingham. Designer ilianza 2014, Photo ikafuata 2015, Publisher 2019. Ulikuwa unalipa mara moja tu kwa kila toleo. Canva, wenye programu ya usanifu ya mtandaoni, ikainunua kampuni hiyo mwaka 2024, na mwaka uliofuata zile tatu zikawekwa katika programu moja. Ndani yake unahama kati ya vekta (michoro ya mistari), pikseli (picha) na mpangilio wa kurasa bila kufunga faili. Mimi nilidhani hayo ni maneno ya matangazo. Siyo. Nilikuwa nachora mikono na bomba kwa vekta, nasafisha picha ya mtoto palepale, kisha narudi kupanga maandishi, na faili ni lileile.

Lakini sababu ya kuandika haya yote ni kitu kimoja ambacho wengi hawakigusi: kuunganisha data. Unatengeneza kiolezo kimoja, unakipa jedwali la Excel au faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), unaonyesha kwamba hapa liingie jina, hapa namba, hapa simu, na programu inakutolea kurasa 47. Kwa saizi mbili hiyo ni mabango 94 kwa kila lugha inayokwenda nchi nzima. Nimeona watu wakifanya kazi ya namna hii kwa kunakili na kubandika hadi usiku wa manane, halafu bango la Kitui linatoka na simu ya Kisii.

Kuna mitego, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi ilipokuwa.

Namba za kaunti zinaanzia 001 Mombasa hadi 047 Nairobi, na mteja alitaka zile sifuri zionekane. Excel huzila. Unaandika 001, inakubakishia 1. Lazima safu hiyo uifanye kuwa maandishi kabla ya kujaza chochote, na ukihifadhi kama CSV usiifungue tena kwa kubofya tu kisha ukahifadhi, maana sifuri zitaondoka tena kimyakimya.

Majina nayo. Kila mbunifu hupenda kuchora kiolezo kwa jina zuri fupi: Meru, Lamu, Embu. Linakaa katikati, limenona, mteja anafurahi. Kisha inakuja Elgeyo-Marakwet na kila kitu kinafumuka. Mimi kiolezo nilikichora kwa Elgeyo-Marakwet, nikakijaribu kwa Tharaka-Nithi na Taita-Taveta, na Lamu nikaiangalia mwisho. Jina fupi kwenye nafasi kubwa linaonekana limepewa heshima. Jina refu kwenye nafasi ndogo linaonekana limeadhibiwa, na gavana ataliona.

Halafu lugha. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo karibu fonti yoyote itakufaa. Kisomali kinaandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972 na hakikunisumbua kwa bango la Garissa, Wajir na Mandera. Kikuyu na Kikamba ndizo zinazopima fonti: zinahitaji ĩ na ũ. Fonti nyingi za mapambo zinazopendwa mjini hazina herufi hizo, na usipoangalia, herufi itatoka kwa fonti nyingine, nyembamba au nene kuliko jirani zake, katikati ya neno. Msomaji wa Nyeri au Machakos hahitaji kuwa mbunifu kuliona hilo. Ndiyo maana nilichagua fonti kwa kuandika kwanza sentensi za Kikuyu na Kikamba, fonti zilizoshindwa kuziandika nikazitupa, na nikaishia na Noto Sans. Haina madoido, najua. Bango la zahanati halihitaji madoido.

Na zima ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Ukiacha kanuni za Kiingereza zikate maneno ya Kiswahili, utapata vipande visivyofuata silabi. Panga maandishi kushoto, yaache yaishie yanapoishia.

Mtego wa mwisho wa kuunganisha data ni wa programu yenyewe: zile kurasa 47 zinatoka kama faili jipya, lisilofungamana na kiolezo. Ukirekebisha kitu kwenye kurasa zilizotoka, kiolezo hakina habari. Kwa hiyo usiguse zilizotoka, hata kwa koma moja. Rekebisha kiolezo au jedwali, kisha toa upya. Kwenye kompyuta yangu ya mtumba hiyo ni kazi ya kusubiri kidogo tu, na stima inapokatika, programu ikifunguliwa tena hujitolea kurudisha ulichokuwa hujahifadhi.

Kamati ya mteja ilikutana baada ya rasimu ya kwanza, na kama kawaida ya kamati, kila aliyefika alitaka kuacha alama. Mmoja alitaka buluu iliyokolea zaidi. Mwingine alitaka kichwa kikubwe. Mfadhili mmoja alituma nembo mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa imebadilishwa na makao makuu. Hapa ndipo lile jedwali lililipa. Rangi zilikuwa rangi kuu za faili, kwa hiyo nilibadilisha moja na buluu ikabadilika kila ilipotumika. Vichwa vilikuwa vimefungwa kwenye mitindo ya maandishi, mtindo mdogo ukirithi kutoka kwa mkubwa. Nembo zilikuwa zimeunganishwa kutoka folda moja, hazikupachikwa ndani ya faili, na zilikaa kwenye ukurasa mama, ule ambao kurasa zote hurithi kwake: nikabadilisha faili moja ndani ya folda, nikasasisha. Mabadiliko ambayo mteja alidhani yangechukua wiki yaliisha kabla chai haijapoa, na sikumwambia, maana bei ya kazi ni ya akili pia, si ya saa tu.

Kuhusu uchapaji sina malalamiko makubwa. Inafanya kazi katika CMYK, rangi nne za wino wa uchapaji, tangu unapofungua ukurasa, inaweka blidi (ukingo wa ziada wa kukatwa) ya milimita 3, inatoa PDF/X-1a, X-3 na X-4, aina za PDF za kupeleka kwa mchapaji. Kuna pia kikaguzi kinachokuonya picha ikiwa na ubora mdogo au maandishi yakifurika nje ya boksi, na kwa kurasa 47 hicho ni jicho la pili ambalo halichoki. Rangi ya kijani inayong'aa kwenye skrini haitang'aa kwenye karatasi, hilo ni suala la wino na si la programu, ila kuna tabaka la kuiga wino unaloweza kumwonyesha mteja mapema ili asije akashtuka siku ya kupokea mzigo. Fundi ninayempelekea kazi, pale mtaa wa Kirinyaga Road, alifungua faili, akakagua pembe, akauliza, “Bosi, hii umetoa kwa nini?” Nilipomtajia akasema, “Sawa, mradi fonti haziruki,” akaendelea na kazi. Kwa fundi yule, hayo ni maua.

Sasa upande usiopendeza. Affinity haihifadhi faili la .ai la Illustrator wala kufungua .indd la InDesign, programu mbili za Adobe. Faili la .ai itafungua endapo lilihifadhiwa na PDF ndani yake, na la InDesign italisoma likiletwa kama IDML, umbo la kubadilishana ambalo InDesign yenyewe hutoa. Kama mkataba wako unasema utamkabidhi mteja faili asilia la Adobe, usianze na Affinity. Jambo hili liulize siku ya brifu, kwa maandishi, maana mashirika mengi yana mbunifu wao wa ndani anayelipiwa Adobe na atataka kuendelea na kazi yako mwakani. Vilevile faili la programu hii mpya, la .af, halifunguki kwenye toleo la 2 la zamani. Mwenzako akiwa bado huko, mtakwama.

Unahitaji akaunti ya Canva kuiwasha, na zana za akili bandia zimefungiwa kwa wanaolipia Canva. Mimi sikuzihitaji. Bango la afya lenye mikono ya vidole sita halitamsaidia mtu. Wenye Linux hawana toleo lao. Na kwa wanaouliza kama bure itabaki bure: Canva imesema hivyo, mimi ninahifadhi PDF na SVG za kila kazi pembeni na kulala usingizi.

Kasoro inayoniuma hasa ni kwamba watu wawili hawawezi kufanya kazi ndani ya faili moja kwa wakati mmoja, wala mteja hawezi kuacha maoni juu ya ukurasa. Figma, programu ya usanifu ya mtandaoni, imewazoesha watu hilo, ingawa imeundwa kwa skrini na rangi za RGB, za mwanga wa skrini, na kuitumia kwa mabango ya wino ni kujitafutia kazi. Kwa hiyo nikabaki na PDF zinazozunguka kwa barua pepe, zikirudi na maoni kwenye WhatsApp, mengine kwa sauti, moja likiwa limerekodiwa ndani ya matatu na kondakta akiita abiria wa Rongai juu yake. Niliyaandika yote kwenye lile jedwali, safu ya mwisho, pamoja na jina la aliyesema.

Kwa anayefanya nembo na picha za mitandao pekee, Canva ya kawaida inatosha na ni nyepesi. Kwa anayepokea brifu za mashirika, saccos na serikali za kaunti, zenye lugha nyingi na idadi kubwa ya matoleo ya kitu kimoja, ningesema aipakue leo na ajifunze kuunganisha data kabla ya kitu kingine chochote. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku mimi na mwenzangu tutakapoweza kufungua faili moja pamoja, na Madam akaandika maoni yake pale pale anapotaka buluu iliyokolea.